Einstein aliamini Mungu? Barua ya Januari 1954 inasema nini hasa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameona kwenye simu picha ya barua ya Einstein iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake maelezo kwamba alimkana Mungu. Wengine wakaja na ile hadithi ya Einstein kijana aliyemshinda profesa wake kwa hoja ya giza na nuru. Darasa limegawanyika, na mmoja ameniuliza kama ni halali kusoma nadharia ya mtu asiyeamini. Je, barua hiyo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, mbona huyuhuyu alisema Mungu hachezi kamari?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ahsante kwa kuleta swali zima, pamoja na hilo la mwanafunzi wako, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia, lakini kwanza tuisome barua.

Barua ni ya kweli. Einstein aliiandika Princeton, Marekani, tarehe 3 Januari 1954, kwa Kijerumani, ukurasa mmoja na nusu hivi. Alikuwa na miaka 74, na alifariki mwaka uliofuata, tarehe 18 Aprili 1955. Aliyeandikiwa ni Eric Gutkind, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1877, naye kama Einstein alikuwa mhamiaji Marekani. Mwaka 1952 Gutkind alitoa kitabu kinachoifasiri Biblia kama wito kwa binadamu ainuke na kuasi, na kinachowapa Wayahudi nafasi ya pekee katika wito huo. Einstein anasema waziwazi kwamba asingekisoma kama si kusukumwasukumwa na rafiki yao L. E. J. Brouwer, mwanahisabati wa Uholanzi. Basi akakisoma, au akasoma sehemu kubwa, akaketi kumwambia mwandishi alichofikiri.

Alichofikiri ni hiki, kwa tafsiri yangu: "Kwangu mimi neno Mungu si kingine ila zao la udhaifu wa binadamu, na Biblia ni mkusanyo wa hekaya zinazostahili heshima lakini bado ni za kizamani mno. Hakuna fasiri, hata iwe ya ustadi namna gani, itakayolibadilisha hilo kwangu."

Hayo ndiyo maneno wanafunzi wako waliyoyaona. Sitayapaka sukari. Wako watu wa dini wanaojaribu kuonyesha kwamba hakuyakusudia, au kwamba uzee ulikuwa umemzidi. Hakuna dalili yoyote ya hilo. Mwaka ule alikuwa bado anafanya hesabu zake kila siku, na barua yenyewe imepangika vizuri, hoja inafuata hoja.

Ila picha inayozunguka kwenye simu hukata hapo, na barua haiishi hapo. Mstari unaofuata haumhusu Mkristo wala Mwislamu. Unahusu dini ya wazazi wake mwenyewe. Anasema dini ya Kiyahudi, kama dini nyingine zote, ni ushirikina wa kale uliovaa mwili. Kisha anasema jambo ambalo naliona ndilo kiini cha barua: kwamba anafurahi kuwa mmoja wa Wayahudi, na fikra zao zimemkaa ndani kabisa, lakini haoni kwamba wana hadhi tofauti na watu wengine. Kwa kadiri alivyoona maishani, si bora kuliko makundi mengine ya watu, ingawa kukosa mamlaka kumewakinga na maovu makubwa zaidi. Zaidi ya hapo, anasema, haoni kwao chochote cha "uteule".

Pima uzito wa maneno hayo yakitoka kwa nani. Huyu ni mtu aliyelazimika kuihama Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Alisaidia kuanzisha Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, akakiachia maandishi yake yote kwa wosia. Mwezi Novemba 1952, alipofariki Chaim Weizmann, rais wa kwanza wa Israeli, serikali ya nchi hiyo ilimwomba ashike nafasi hiyo, akakataa kwa upole. Miezi 14 baadaye anamwandikia Myahudi mwenzake kwamba taifa teule halipo. Gutkind alikuwa amejenga kitabu chake juu ya uteule huo, na ndipo Einstein alipotaka kumpinga hasa. Suala la kuwepo kwa Mungu linaingia kama sehemu ya hoja hiyo. Barua haikuandikwa kulijibu lenyewe.

Na sehemu ya mwisho, ambayo sijawahi kuiona kwenye picha hata moja ya simu, inamrudia Gutkind kwa mapenzi. Einstein anasema kwamba baada ya kueleza tofauti zao bila kuficha, bado anaona wako karibu katika mambo ya msingi, yaani jinsi wanavyoyapima matendo ya watu. Wote wawili wanatafuta kitu kilicho juu ya faida ya mtu binafsi. Anasema hata kwamba hilo linawafanya wawe na msimamo "usio wa Kimarekani". Maneno hayo yalikuwa na makali wakati ule, kwa kuwa Seneta Joseph McCarthy na wenzake walikuwa wakiwasaka watu kwa tuhuma hiyohiyo kupitia kamati za bunge, na mwaka 1953 Einstein alikuwa amewashauri hadharani wasomi wanaoitwa mbele ya kamati hizo wakatae kutoa ushahidi. Anamaliza kwa kusema wangeelewana vizuri sana kama wangezungumzia mambo halisi, kisha shukrani na salamu za kirafiki.

Kwa hiyo ulichonacho ni barua ya mtu kwa mtu, wazee wawili wenye asili moja na mkasa mmoja, mmoja ameandika kitabu na mwenzake hakubaliani nacho. Jina la "Barua ya Mungu" inayoitwa leo limetokana na magazeti na wauzaji. Einstein hakuwa akitangazia dunia kitu.

Tunajuaje kwamba si ya kughushi? Hili ningependa ulifundishe darasani, maana linafanana sana na kazi ya maabara. Wataalamu wa maandishi hawaangalii mwandiko tu, kwa sababu mwandiko huigizika. Wanaangalia karatasi na wino kama ni vya wakati huo. Wanafuatilia barua ilipitia mikono ya nani tangu ilipoandikwa. Halafu wanaangalia kama yaliyomo yanaoana na mambo yanayojulikana kutoka kwingine: kitabu cha Gutkind kipo na mwaka wake unajulikana, Brouwer alikuwepo na alijuana na wote wawili, na msamiati ni ule ambao Einstein aliutumia kwa miaka 30. Barua hii ilibaki mikononi mwa watu binafsi hadi ilipojitokeza kwenye mnada London mwaka 2008, ikauzwa kwa pauni 170,000 kabla ya ada ya mnada. Mwezi Desemba 2018 iliuzwa tena na kampuni ya mnada ya Christie's, New York, kwa dola 2,892,500, ilhali wenyewe walikadiria isizidi milioni moja na nusu. Kwa fedha nyingi kiasi hicho, watu hukagua.

Kuna na jambo la mkono. Tangu 1928 Einstein alikuwa na katibu, Helen Dukas, na barua zake nyingi za Marekani zilipigwa taipu. Alipochukua kalamu mwenyewe, kwa Kijerumani, mara nyingi alikuwa anazungumza na mtu aliyemwona wa kwao.

Sasa kwa nini naona makosa kuiita barua hii siri iliyofichuka? Kwa sababu karibu yote yaliyomo alishayasema, tena hadharani.

Tuanzie utotoni. Wazazi wake, Hermann na Pauline, walikuwa Wayahudi wasiofuata sheria za dini. Alisoma shule ya msingi ya Kikatoliki mjini Munich, na nyumbani ndugu mmoja akamfundisha dini ya Kiyahudi. Mtoto akaipokea kwa moto kuliko waliomtuma: akaacha kula nguruwe na kutunga nyimbo za kumsifu Mungu. Hali hiyo ilikatika ghafla alipofika miaka 12. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, aliyekuwa akija kula nyumbani kwao kila wiki, alimletea vitabu vya sayansi, na kijana akaona kwamba mengi ya masimulizi ya Biblia hayawezi kuwa kweli. Ameyaandika hayo mwenyewe uzeeni, na anasema kutoka hapo alibaki na tabia ya kushuku kila mamlaka. Hakurudi tena kwenye dini ya ibada na sala. Hata kifo chake kilikuwa hivyo: mwili ulichomwa siku ileile, majivu yakatawanywa, bila ibada.

Mwaka 1929 Kardinali William O'Connell wa Boston aliwaonya vijana kwamba nadharia ya uhusianifu (relativity), ile iliyompa Einstein umaarufu, inaficha ukanaji Mungu. Rabi Herbert Goldstein wa New York akaona amuulize mwenyewe. Alimpelekea telegramu Berlin: Unaamini Mungu? Jibu limelipiwa, maneno 50. Einstein alijibu kwa machache kuliko hayo: "Namwamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika upatano wa sheria za ulimwengu, si Mungu anayejishughulisha na majaliwa na matendo ya wanadamu."

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, Mwalimu, maana bila Spinoza huwezi kuielewa barua ya 1954, ambayo nayo inamtaja kwa sifa. Baruch Spinoza alizaliwa Amsterdam mwaka 1632 katika ukoo wa Wayahudi waliotoka Ureno. Mwaka 1656, akiwa na miaka 23, wazee wa sinagogi walimfukuza kwa laana nzito, akaishi kwa kusugua lenzi na kuandika. Kitabu chake kikuu kilitoka 1677, baada ya kifo chake. Anachofundisha ni kwamba Mungu si nafsi iliyoko nje ya ulimwengu ikitoa amri, kusikiliza dua, kughadhibika na kusamehe. Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na kila kinachotokea kinatokea kwa lazima ya sheria zake. Ukimwomba Mungu wa Spinoza mvua, hakuna anayesikia. Lakini ukizielewa sheria zinazoleta mvua, umemkaribia kwa njia pekee inayowezekana.

Muumini wa kawaida, awe wa msikitini au wa kanisani, atasema huyo si Mungu. Wayahudi wa Amsterdam walisema hivyohivyo. Nami nadhani ni haki yao kusema hivyo. Ila asiyeamini naye asifurahi haraka, maana Spinoza na Einstein walipotazama mpangilio wa ulimwengu walijawa na unyenyekevu ambao wao wenyewe waliuita wa kidini.

Ukishalishika hilo, kamari inajieleza. Maneno hayo yanatoka kwenye barua nyingine, ya tarehe 4 Desemba 1926, kwa mwanafizikia Max Born. Mwaka huo Born alikuwa ameeleza kwamba milinganyo mipya ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, haitupi kitakachotokea, inatupa uwezekano tu wa kitakachotokea. Einstein akamjibu kwamba nadharia inavutia sana, lakini sauti ya ndani inamwambia bado si yenyewe; inasema mengi ila haitusogezi kwenye siri ya "Mzee", na yeye ana hakika kwamba Mzee huyo hachezi dadu. Unaona, suala ni la fizikia: je, chini kabisa ya maumbile kuna bahati nasibu au kuna sheria? "Mzee" ni njia yake ya kuitaja hiyo sheria. Hakuna sala humo wala ufunuo. Kwa hiyo mtu wa 1926 na mtu wa 1954 hawapingani. (Na kwa faida ya darasa lako: majaribio ya miaka mingi iliyofuata yamekwenda upande wa Born kuliko upande wake.)

Mwaka 1936 mtoto mmoja wa shule ya Jumapili huko New York alimwandikia kuuliza kama wanasayansi huomba. Angalia alivyomjibu mtoto. Kwanza akamwambia kwa ukweli kwamba mtafiti anayeamini kila kitu kinafuata sheria za maumbile hawezi kutegemea kwamba mambo yatageuzwa na sala. Kisha akaongeza kwamba kila anayejishughulisha na sayansi kwa dhati hufika mahali akaona kuna roho katika sheria za ulimwengu, roho iliyo juu mno ya ile ya binadamu, na mbele yake hatuna budi kunyenyekea. Hakuna neno "ushirikina" humo, wala "hekaya za kizamani". Imani ni ileile, msikilizaji ni mwingine.

Mwaka 1940, katika mkutano wa wasomi New York, akatoa ule usemi unaopendwa na wahubiri, kwamba sayansi bila dini ni kilema na dini bila sayansi ni kipofu. Wahubiri hao hawaendelei kusoma, maana katika hotuba hiyohiyo aliwataka viongozi wa dini waachane na wazo la Mungu mwenye nafsi anayeingilia mambo. Alitukanwa kwa barua nyingi baada ya hapo, nyingine zikimtaka arudi alikotoka.

Na upande wa pili nao hakuwaachia. Mwaka 1941 aliandika kwamba wakana Mungu washupavu ni kama watumwa ambao bado wanasikia uzito wa minyororo waliyokwisha kuivua, na kwa chuki yao dhidi ya dini hawawezi kuisikia muziki ya ulimwengu. Mwaka 1949, akimjibu Mmarekani mmoja aliyetaka kujua msimamo wake, alisema wazo la Mungu mwenye nafsi ni la kitoto, na kwamba anaweza kumwita mtu asiyedai kujua kama Mungu yupo au hayupo, lakini yeye hana ile ari ya vita ya wanaofanya ukanaji Mungu kuwa kazi.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ndugu zetu wa makanisa wanachukua nusu ya hotuba ya 1940, wasioamini wanachukua mistari miwili ya 1954. Kama wanafunzi wako wanataka jibu fupi, waambie hivi: Einstein hakumwamini Mungu anayesikia dua, anayetoa amri, anayelipa mema na mabaya. Hilo aliliacha akiwa na miaka 12 na hakulirudia. Wala hakukubali kuitwa mkana Mungu. Ukitaka kumweka kwenye moja ya makabati yetu mawili utalazimika kumkata kiungo.

Kuna barua moja zaidi nisiyoweza kuiacha. Mwezi Machi 1955 alifariki Michele Besso, rafiki yake tangu ujana, waliyefanya kazi pamoja katika ofisi ya hataza (ya kusajili uvumbuzi) mjini Bern. Einstein aliiandikia familia barua ya rambirambi tarehe 21 Machi, wiki nne kabla ya kifo chake mwenyewe. Alisema Besso ameondoka katika dunia hii ya ajabu mbele yake kidogo, na hilo si kitu, kwani "kwa sisi wanafizikia tulio na imani" tofauti ya wakati uliopita, uliopo na ujao ni njozi tu, hata kama ni njozi inayong'ang'ania. Weka barua hii kando ya ile ya Gutkind. Zimepishana miezi 14. Kwa mbishani alitoa hoja, kwa wafiwa akatoa faraja, na faraja yenyewe ni ya fizikia, haitaji pepo wala ufufuo. Anayeichukua moja na kuiacha nyingine amemsikia nusu.

Ndiyo maana nasema barua isisomwe bila aliyeandikiwa. Barua za siri za watu maarufu si za aina moja. Zipo zinazobadilisha kweli picha tuliyokuwa nayo. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa 2007 ingawa aliomba zichomwe, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi hakuhisi uwepo wa Mungu aliyekuwa akimtumikia. Septemba 1979, miezi mitatu kabla ya kupokea Tuzo ya Nobel, alimwandikia padre kwamba ukimya na utupu ni mkubwa kiasi kwamba anatazama haoni, anasikiliza hasikii. Kanisa liliziona barua hizo, likazipima, na mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu. Zipo nyingine zinazothibitisha kilichoshukiwa tu. Charles Darwin alikwepa swali la dini hadharani maisha yake yote, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mkewe Emma, mcha Mungu aliyempenda sana. Lakini tarehe 24 Novemba 1880 alimjibu kijana mmoja mwanasheria aliyemsihi aseme ndiyo au hapana: kwamba anasikitika kumjulisha kuwa haiamini Biblia kama ufunuo wa Mungu, na kwa hiyo hamwamini Yesu Kristo kama mwana wa Mungu. Barua hiyo ilikaa gizani zaidi ya miaka 100. Miezi 17 baada ya kuiandika alizikwa kwa heshima ndani ya kanisa la Westminster Abbey.

Ya Einstein haimo katika kundi lolote kati ya hayo. Haikubadilisha kitu kwa aliyekuwa amesoma, wala haikuthibitisha tetesi. Ni maneno yaleyale, yamesemwa kwa ukali zaidi kwa sababu yanasemwa faraghani.

Kuhusu hadithi ya giza na nuru, nitapita haraka. Haikutokea. Haimo katika maandishi yake wala katika kumbukumbu za waliomjua. Ilianza kuzunguka kwenye barua pepe ikiwa na mwanafunzi asiye na jina, jina la Einstein likabandikwa baadaye. Hoja yenyewe, kwamba ubaya ni kukosekana kwa wema kama vile giza ni kukosekana kwa nuru, ni nzuri na ni ya kale: Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 mahali ambapo leo ni Algeria, aliijenga vizuri zaidi. Ukitaka kuifundisha, mpe mwenyewe sifa yake. Hali kadhalika ile barua kwa binti yake Lieserl inayosema upendo ndio nguvu kuu ya ulimwengu. Ni ya kubuni. Na hilo dai linalosambaa kwenye makundi ya Waislamu, kwamba aliandikiana na Ayatollah Borujerdi, mwanazuoni wa Kishia wa Qum, Iran, na akasilimu, halina barua hata moja iliyothibitishwa nyuma yake, na linagongana uso kwa uso na barua ya Gutkind ya mwaka uleule wa 1954. Wanafunzi wa dini zote wanastahili kuambiwa hili kwa usawa. Usimwondolee mmoja hadithi yake ukamwachia mwenzake.

Nifike sasa kwa mwanafunzi wako aliyeuliza kama ni halali. Fatwa si kazi yangu, ana walimu wake wa dini na awaulize. Ninachoweza kumpa ni jinsi nadharia yenyewe ilivyopita mikononi mwa watu.

Nadharia ya uhusianifu ilipimwa wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919. Timu mbili za Waingereza zilipiga picha za nyota, moja Sobral, Brazil, nyingine kwenye kisiwa cha Principe upande wa magharibi wa Afrika. Aliyeongoza ya Principe ni Arthur Eddington, Mkristo wa madhehebu ya Quaker, mshika dini hasa, aliyekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yake. Hakupima imani ya Einstein. Alipima mwanga wa nyota unapinda kiasi gani ukipita karibu na jua.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji, alichukua milinganyo ya Einstein akaonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein hakupendezwa, alimwambia hesabu zake ni sahihi lakini fizikia yake inachukiza. Baadaye vipimo vilimpa haki padre, na Einstein akakubali. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoielezea nadharia ya mwanzo wa ulimwengu kana kwamba inathibitisha uumbaji, Lemaître mwenyewe hakufurahi. Hakutaka imani yake isimamishwe juu ya nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa, wala nadharia yake ipokelewe kwa sababu ya kanzu aliyovaa.

Na Abdus Salam wa Pakistan, wa jumuiya ya Ahmadiyya, aliyepata Nobel ya fizikia 1979, kazi yake ya kuunganisha nguvu mbili za maumbile isingewezekana bila uhusianifu wa Einstein. Kwenye karamu ya Nobel mjini Stockholm alisoma aya za Surat al-Mulk zinazomwambia mtu arudishe macho atazame kama ataona kasoro katika uumbaji. Kituo cha fizikia alichoanzisha Trieste, Italia, mwaka 1964 kimesomesha wanafizikia wengi wa Afrika.

Simu ambayo wanafunzi wako waliona barua inajua iko Tanga kwa msaada wa saa zilizomo kwenye setilaiti, na saa hizo hukimbia mbele kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku zikilinganishwa na za ardhini. Zisiporekebishwa kwa kanuni za Einstein, makosa ya mahali yatafika kilomita 11 hivi kwa siku. Mpe mwanafunzi huyo hesabu hiyo aifanye ubaoni: mikrosekunde 38 mara kasi ya mwanga. Ni kidato cha nne, ataiweza.